Dawa Inayokufa Baharini: Historia ya Kuiona Dopamini, Ikitazamwa kutoka Unguja

Boti ya kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi huchukua takriban saa mbili bahari inapokuwa shwari. Safari hiyo nimeifanya mara nyingi kiasi cha kutoihesabu tena, lakini ipo moja ninayoikumbuka kwa sababu ya makala niliyokuwa nikiisoma njiani. Ilihusu Florini-18, elementi yenye mionzi ambayo madaktari wa nchi tajiri huitumia kupigia picha seli za ubongo. Florini-18 haitunziki. Kiasi chochote utakachokitengeneza, nusu yake huwa imekwisha baada ya dakika 110. Nikafanya hesabu ya kitoto: lau kichupa cha dawa hiyo kingepakiwa pamoja nasi Dar es Salaam, kingefika Malindi kikiwa na chini ya nusu ya nguvu yake, na kabla abiria wa mwisho hajamaliza kugombania mizigo kingekuwa kimepungua tena. Haikuwa na maana kuhuzunika, kwani hakuna aliyekuwa akikileta. Unguja hapakuwa na kamera ya kukipokea.

Nataka kusimulia historia ya dawa za namna hiyo. Wataalamu huziita vifuatiliaji: kiasi kidogo mno cha kemikali yenye mionzi hudungwa mshipani, husafiri na damu hadi ubongoni, hunasa kwenye nyuroni zinazotengeneza dopamini, kisha kamera iliyo nje ya kichwa husoma mionzi hiyo na kuonesha nyuroni hizo ziko wapi na zimebaki kiasi gani. Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta katika masuala ya Muungano, ardhi na mishahara ya walimu, na huenda wakahisi nimepotea njia. Nawaomba wanivumilie kidogo. Watu wengi katika visiwa vyetu wamehukumiwa na jamii kwa sababu ya kitu kilichokuwa kikitokea ndani ya fuvu zao, mahali ambapo hakuna jirani, kadhi wala daktari aliyekuwa na macho ya kupaona. Mmoja wao alikuwa ami yangu.

Ami alikuwa mweka hesabu wa msikiti mmoja wa Mji Mkongwe, kazi isiyo na mshahara. Kila Ijumaa baada ya sala aliandika michango katika daftari, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata watu wakimletea barua zao za posa awaandikie. Madaftari hayo ninayo. Katika lile la mwaka 1986 herufi zimesimama na zina nafasi ya kupumua. Katika la 1991 kila mstari unaanza vizuri upande wa kulia, kisha unanywea kadiri unavyokwenda kushoto. Katika la 1994 herufi ni kama sisimizi waliopanga foleni, na katikati ya mwaka mwandiko unakuwa wa mtu mwingine.

Tulichokiona sisi nyumbani kilikuwa tofauti. Tulimwona mtu aliyeacha kutabasamu. Alipita barazani bila kuitika salamu, au tuseme aliitika kwa sauti ndogo isiyowafikia waliokaa, na uso wake haukubadilika hata mtoto alipomkimbilia. Majirani wakasema amepata kiburi. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka na hatua zake kuwa fupi, maneno nayo yakageuka: kwanza uzee, ijapokuwa hakuwa ametimiza miaka sitini, kisha husuda, kisha jini. Akanywa makombe, akasomewa, akachanjwa. Katika hospitali moja alipewa dawa za shinikizo la damu. Alifariki mwaka 2001 bila ya ugonjwa wake kutajwa kwa jina mbele yetu. Jina nililipata miaka mingi baadaye, nilipomwonesha rafiki yangu daktari yale madaftari kwa sababu nyingine kabisa, nikitaka anisaidie kusoma neno moja. Alifungua mawili, akayalinganisha, akaniuliza: "Huyu mzee alikuwa na Parkinson?"

James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817, hakuwa na kifaa chochote. Aliwaeleza wagonjwa sita tu, na baadhi yao alikuwa amewaona barabarani wakipita. Jicho lilitosha kuutambua. Lakini jicho halikuweza kueleza sababu, na kwa karne moja na nusu wagonjwa walibaki na jina la ugonjwa bila ya tiba yake.

Wazo la kufuatilia kitu mwilini kwa mionzi lilitoka kwa mkemia wa Hungaria, George de Hevesy, na mwanzo wake una kichekesho. Inasimuliwa kwamba mnamo 1911, akiwa mpangaji mjini Manchester, alimshuku mama mwenye nyumba kuwa makombo ya Jumapili anayarudisha mezani siku zinazofuata yakiwa yamebadilishwa sura. Alipokanusha, Hevesy akanyunyiza chembe za mionzi katika mabaki ya chakula chake, na siku chache baadaye akapima kilicholetwa mezani. Mionzi ilikuwamo. Miaka michache baadaye aliligeuza wazo hilo kuwa sayansi, na mwaka 1943 likampatia Tuzo ya Nobel ya kemia. Sipendi sana visa vya wanasayansi wenye akili kuwashinda mama ntilie, lakini kisa hiki kinaeleza ufuatiliaji kuliko maelezo mengi ya vitabuni: unakitia alama kitu, unakiacha kiende zake, kisha unapima kimefika wapi.

Dopamini yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini. Sungura wakaganda, masikio yakalala, wakawa kama vinyago. Kisha akawadunga levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na kwa muda mfupi wakasimama na kutembea. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa dawa zote mbili zina asili iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani. Reserpini ilitolewa kutoka mizizi ya Rauwolfia, mmea uliotumiwa kwa karne nyingi na waganga wa Bara Hindi. Levodopa imo katika mbegu za upupu, huuhuu uliotuwasha utotoni, na wakemia wawili wa Kihindi waliitenga kutoka mbegu hizo mwaka 1937. Nimewahi kumsikia mtu barazani akihitimisha kutokana na hayo kwamba Wazungu wametuibia dawa yetu. Hakuna ushahidi kwamba pwani hii iliwahi kutibu kutetemeka kwa upupu, na ningemsihi yeyote asiende kuchemsha mbegu hizo akampa mzazi wake. Kiwango cha dawa ndani yake hubadilika na kinaweza kumdhuru. Kilichokuwapo kwetu ni mmea. Maarifa ya kilichomo ndani yake yalihitaji maabara, na maabara huhitaji dola inayoamini kwamba watu wake wanastahili kuwa nayo.

Mwaka 1960 mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima bongo za watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson wakakuta sehemu iitwayo striatamu karibu haina dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa walio hai walidungwa levodopa, na waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias, katika maabara ya Brookhaven katika jimbo la New York, akaonesha namna ya kuwapa kwa mdomo, kwa dozi zinazopandishwa polepole. Tangu hapo Parkinson ikawa na tiba ya kupunguza dalili. Ami yangu alianza kunywea mwandiko zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo.

Hata hivyo, dopamini ilikuwa bado inapimwa kwa maiti. Kuiona ndani ya mtu anayepumua kulianza mwaka 1983. Mjini Hamilton, Canada, Garnett, Firnau na Nahmias wa Chuo Kikuu cha McMaster waliitia levodopa alama ya Florini-18, wakamdunga mtu, na nyuroni za dopamini zikaipokea kana kwamba ni malighafi yao ya kila siku. Kamera ikaonesha zilipo. Mwezi Mei mwaka huohuo, Henry Wagner wa Johns Hopkins, Baltimore, akalala mwenyewe ndani ya kamera akiwa amedungwa kifuatiliaji cha Kaboni-11 kinachonasa kwenye vipokezi vya dopamini, yaani milango ambayo kemikali hiyo huingilia. Katika picha za aina iliyoenea baadaye, ubongo mzima huonekana giza isipokuwa alama mbili zinazong'aa katikati, zilizopinda kama alama za mkato. Parkinson inapoingia, mkia wa kila alama hufifia kwanza, hadi kunabaki nukta mbili. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilikumbuka daftari la 1994.

Picha hizo zilifundisha jambo ambalo jicho la Parkinson lisingeweza kulijua. Kutetemeka si mwanzo wa ugonjwa. Kufikia siku mkono unapoanza kutikisika, kiasi cha nusu ya nyuroni hizo, au zaidi, zimekwisha kufa kimya kimya. Ushahidi mmoja ulitoka mahali pa aibu. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa waliojidunga heroini ya bandia iliyotengenezwa vibaya waligandamana ghafla kama wazee wa Parkinson. Uchafu uitwao MPTP ulikuwa umeua nyuroni zao. Mwaka 1985 timu ya Donald Calne mjini Vancouver iliwapiga picha watu wanne waliokuwa wameitumia sumu hiyo lakini hawana dalili kamili za ugonjwa. Picha zikaonesha upungufu. Walikuwa wagonjwa bila kujijua, na jirani yeyote angeapa kwamba ni wazima.

Sasa turudi kwenye saa ya boti, kwa sababu siasa ya jambo hili imo katika saa. Kaboni-11 hupungua nusu kila baada ya dakika 20, ambazo ndizo dakika za ndege ndogo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Florini-18 ni dakika 110. Kwa hiyo hospitali inayotumia ya kwanza lazima iwe na saiklotroni, mashine ya kutengenezea elementi hizo, ndani ya uzio wake. Na inayotumia ya pili lazima iwe nayo jirani. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan inayo. Iodini-123 ina subira zaidi, saa 13, na ndiyo iliyotumika katika ioflupani, dawa inayofika kwa ndege kutoka kiwandani. Ulaya iliidhinisha ioflupani mwaka 2000, Marekani mwaka 2011. Umbo lake la kemikali linatokana na kokeini, hivyo hadi 2015 sheria ya Marekani iliiweka katika kundi moja na kokeini yenyewe, ijapokuwa kiasi anachodungwa mgonjwa hakiwezi kumlevya nzi.

Kuna njia ya nne, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Teknishiamu-99m hudumu saa sita tu, lakini huzaliwa kutoka kwa mzazi wake, molibdenamu-99, ambayo nusu yake hukaa saa 66. Mzazi hufungwa katika chombo kidogo chenye ngao ya risasi, husafirishwa kwa ndege, na hospitali hukamua teknishiamu kutoka ndani yake kila asubuhi kwa muda wa wiki moja hivi, kama anayemkamua ng'ombe. Mwaka 1996 timu ya Hank Kung wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilichapisha picha za kwanza za binadamu kwa TRODAT-1, kifuatiliaji cha nyuroni za dopamini kinachotumia teknishiamu hiyo. Taiwan na Brazil waliipokea mapema, kwa kuwa gharama yake ni nafuu na kamera yake ni ileile ya kawaida ya gama. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, pale ufukweni mwa Dar es Salaam ambapo Wajerumani walijenga hospitali yao mwishoni mwa karne ya 19, hutumia teknishiamu kuchunguza mifupa na tezi. Molibdenamu hutengenezwa pia hapahapa Afrika, katika kinu cha SAFARI-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini. Ukiunganisha nukta hizo utaona kwamba picha ya dopamini kwa mgonjwa wa Unguja haihitaji muujiza. Inahitaji uamuzi, mafunzo na fedha ambazo tayari zinazungumzwa kwa ajili ya saratani.

Lakini kabla hatujadai kamera, tujiulize kama tumeyachukua yale ambayo kamera za wenzetu zimekwisha kuyaona. Kifuatiliaji hufa baharini. Matokeo yake hayafi. Yamechapishwa, yanasomeka, na kuvuka kwake hakuhitaji ngao ya risasi.

Chukua mfano wa dawa za maradhi ya akili. Haloperidoli na jamaa zake hutuliza mtu anayesikia sauti kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Ukivizuia mno, mgonjwa hugandamana na kutetemeka kama mwenye Parkinson. Kwa miongo kadhaa madaktari duniani walipandisha dozi kwa imani kwamba mgonjwa asiyetulia anahitaji zaidi. Mwaka 1988 Lars Farde na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia kifuatiliaji cha Kaboni-11 kuhesabu vipokezi vilivyozibwa kwa wagonjwa waliokuwa kwenye dozi za kawaida: ilikuwa kati ya asilimia 65 na 85. Baadaye ilionekana kwamba wanaotetemeka ni wale waliovuka takriban asilimia 80, na kuvuka hapo hakukuwaongezea nafuu. Mwaka 1996 Shitij Kapur mjini Toronto akaonesha kwamba miligramu 2 tu za haloperidoli kwa siku ziliziba kati ya asilimia 53 na 74. Maana yake ni kwamba dozi kubwa zilikuwa zikinunua mtetemeko na kuuita tiba.

Kila mkaazi wa mjini anaijua Kidongo Chekundu, na anajua namna jina hilo linavyotumiwa kumtukania mtu. Nimekutana na watu waliopitia matibabu ya akili, si hapo tu bali sehemu mbalimbali za nchi, na mara nyingi kilichowafanya wafichwe ndani na familia zao kilikuwa mwendo wao wa kuburuta miguu na mate yanayowatoka. Watu husema: tazama ukichaa ulivyomfanya. Yawezekana kabisa kwamba walichokuwa wakikitazama ni dawa. (Simwambii mtu yeyote apunguze dozi yake mwenyewe, hilo ni la kuzungumza na anayemtibu.) Ninachosema ni kwamba somo la Stockholm na Toronto halihitaji saiklotroni kulitekeleza. Linahitaji muuguzi aliyefundishwa kuukunja mkono wa mgonjwa na kuhisi kama umekakamaa, na mwongozo wa dozi ulioandikwa upya. Kamera ingehitajika pale tu ambapo dawa zimepunguzwa na mtetemeko haukuondoka, kwa sababu picha hutofautisha mtu aliyezuiwa na dawa, ambaye nyuroni zake ni nzima, na mtu ambaye Parkinson imemjia kweli.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na katika huo nawakosoa marafiki zangu. Katika miaka ya 1990 Nora Volkow na wenzake, katika maabara ileile ya Brookhaven, walionesha kwamba watumiaji wa kokeini wana vipokezi vichache vya dopamini vinavyoonekana kwenye picha. Mwaka 1997 Alan Leshner, aliyeongoza taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, akaandika kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Sentensi hiyo ikasafiri. Unguja iliikuta ikiwa na jeraha lake: unga uliokuwa ukiingia tangu miaka ya 1980, vijana waliolala magofuni, mama wanaofungia vyombo kabatini, polisi na kipigo cha mtaani. Nyumba za upataji nafuu zilifunguliwa, na mwaka 2015 Kidongo Chekundu ikaanza kutoa methadoni. Katika semina nyingi nilizohudhuria tangu hapo, lazima slaidi moja ioneshe ubongo wenye rangi nyekundu na buluu, na mtoa mada aseme: mnaona, huyu ni mgonjwa, si mhalifu.

Nakubaliana na hitimisho. Ushahidi ndio unaonitia wasiwasi. Ubongo ule wa kwenye slaidi ni wa mtumiaji wa kokeini wa New York. Watafiti wa Uingereza walipotafuta mlipuko wa dopamini kwa watumiaji wa heroini waliopewa heroini ndani ya kamera, hawakuuona, na mwaka 2015 David Nutt na wenzake wakaandika wazi kwamba nadharia ya dopamini inaielezea vizuri kokeini kuliko inavyoielezea heroini. Isitoshe, methadoni haikungoja picha yoyote. Vincent Dole na Marie Nyswander waliichapisha kazi yao mjini New York mwaka 1965, karibu miaka ishirini kabla ya Wagner kulala ndani ya kamera, kwa kuwatazama wagonjwa na kuona kwamba wanaopewa wanarudi kazini na nyumbani. Kijana wa Unguja anastahili kutopigwa hata kama hana doa lolote kwenye picha. Tukiijenga haki yake juu ya slaidi, siku slaidi itakapopingwa na mtu aliyesoma zaidi yetu, haki itaanguka nayo. Wanaharakati wenzangu, tupunguzeni rangi nyekundu na buluu.

Picha, basi, inaweza kumtetea mtu na inaweza pia kusemewa lisilokuwamo. Ndiyo maana navutiwa na utafiti uliofanyika nchini mwetu bila ya picha hata moja. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, timu ya Richard Walker na Catherine Dotchin pamoja na wataalamu wa Kitanzania waliwatuma wahesabu watu nyumba kwa nyumba katika idadi ya wakaazi 161,071. Maswali yalikuwa machache: je, yupo anayetetemeka, anayeburuta hatua, ambaye mwandiko wake umekuwa mdogo? Waliotajwa walifuatwa na kupimwa na daktari. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa wagonjwa 33 wa Parkinson. Asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakihudhuria zahanati, wakizeeka mbele ya watoto wao, wakiitwa majina. Pale Hai kifuatiliaji kilikuwa ni karani mwenye orodha ya maswali, na hakikupungua nusu kila baada ya dakika 110.

Ukitembea Mji Mkongwe ukitokea Malindi kuelekea Forodhani, utaipita nyumba yenye roshani za nakshi inayoitwa Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, kwa fedha za Tharia Topan, iwe hospitali ya kuadhimisha yubile ya Malkia Victoria. Upande wa pili wa mji, Mnazi Mmoja, hospitali iliwahi kubeba jina la familia ya Karimjee Jivanjee. Baada ya Mapinduzi ikawa ya V. I. Lenin, na madaktari wa Ujerumani ya Mashariki wakaingia wodini. Tangu 2014 hapo pana taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa Kihispania, NED, na kazi inayofanyika humo inastahili heshima. Najua hatari ya mwanahistoria kuona mkondo mmoja katika kila jambo. Lakini katika mji huu kila mkubwa aliyepita ameacha jengo la tiba lenye jina lake, na sherehe ya ufunguzi imekuwa rahisi siku zote kuliko bajeti ya mwaka wa tatu.

Kwa hiyo, wapo wanaosema tununue kamera leo, nami nawauliza ni nani atakayelipia chombo cha molibdenamu kila wiki, na nini kitatokea kinu kikifungwa kwa matengenezo, kama ilivyotokea mwaka 2009 vinu vya Canada na Uholanzi vilipozimika na hospitali za nchi tajiri zikakosa dawa. Wapo pia wanaosema mambo haya ni anasa na sisi tuna malaria. Hao nawaogopa zaidi. Kamera ya gama ingemhudumia mwenye saratani ya titi, mwenye tezi na mwenye figo kabla haijamfikia mzee anayetetemeka, na gharama ya kumvusha kila mmoja wao kwenda Dar es Salaam, pamoja na wa kumsindikiza na mahali pa kulala, hailipwi na hewa. Inalipwa na kaya. Ningependa mtumishi mmoja wa Wizara anayesoma hapa aikokotoe gharama hiyo kwa mwaka mmoja, aiweke mezani karibu na bei ya kamera. Hadi hapo sina la kuchagua kati ya pande mbili.

La levodopa nina uhakika nalo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kidonge, hakina mionzi, kinakaa rafuni muda mrefu. Wiki iliyopita niliingia katika maduka matatu ya dawa ya mjini, Darajani na pembezoni mwake, nikiwa nimeandika jina lake kwenye karatasi pamoja na la mwenzake karbidopa. La kwanza walinipa dawa ya kutuliza misuli. La pili kijana aliyekuwa kaunta alilitafuta jina kwenye simu yake, akaniomba radhi. La tatu Bi mmoja mtu mzima aliijua mara moja, akaniuliza mgonjwa ni nani wangu, akasema huwa haweki kwa sababu wanaoiulizia ni wachache mno. Angeweza kuniagizia. Ingechukua siku nne, tano, ikija na boti.